Shajara ya daftari la vitenzi vyenye mkia

2 Februari

Nimenunua daftari gumu la kurasa 200 na kuandika jaladani: Vitenzi vyenye mkia. Jina limezaliwa hapa barazani kwetu. Skuli vitenzi hivi vya Kiingereza tuliviita freizo vebu (phrasal verbs), tukavikariri kwa orodha na kuvisahau kwa orodha. Ukisema mkia, kila mtu anaona papo hapo: katika "give up", "give" ni kichwa na "up" ni mkia. Mnyama mzima maana yake ni kukata tamaa. Mkate mkia, anabaki "give", kutoa, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Sababu ya kazi hii ninaibeba miaka tisa sasa. Nilikuwa mapokezi katika hoteli moja hapa Unguja. Asubuhi moja alinijia mama mgeni, macho yamemwiva, akasema: "The alarm in our room went off at three." "Go" nilikuwa naijua. "Off" nimeiona kwenye swichi tangu utotoni, kitu kikizimwa. Nikaandika katika kitabu cha matengenezo kwamba king'ora cha chumba kile kilizimika saa tisa usiku. Fundi akaja, akatia betri mpya, akaondoka. Usiku wa pili king'ora kikalia tena, kwa nguvu zaidi, na chumbani mle mlikuwa na mtoto mchanga. Mama yule alikuwa ameniambia kimelia. Mimi nikasikia kimezimika.

"Go off": taa huzimika, king'ora hulia, bomu hulipuka, na Mwingereza akionja maziwa yaliyochacha husema "the milk has gone off". Kichwa kimoja, mkia mmoja, mambo manne, na mawili ya mwanzo yanapingana. Kufasiri neno moja moja hakufiki popote.

Lengo: vitenzi 100 vyenye mkia, kila kimoja na sentensi moja ambayo mtu wa hapa ameisikia au ana haja ya kuisema. Nimejipa hadi mwisho wa Mei. Darasa langu la Kiingereza la jioni lina watu kumi na mmoja, wakiwamo mpishi, dereva wa bajaji, nahodha anayepeleka wageni kisiwa cha Changuu, fundi simu, muuguzi msaidizi, mtandika vitanda wa nyumba ya wageni, na mama mmoja mwenye duka la khanga ambaye ananizidi umri kwa mbali na bado ananiita mwalimu. Mimi namwamkia shikamoo kabla ya kila somo.

5 Februari

Orodha ya kwanza: 412. Nimeikusanya kutoka vitabu vyangu vya skuli na notisi za zamani. Nimekaa nayo usiku kucha na kalamu nyekundu. Swali langu kwa kila kitenzi ni moja: nani barazani atakihitaji kabla ya Ijumaa? Nimebakiza 160.

9 Februari

Nimekosea mpangilio na siku tatu zimepotea.

Nilipanga kwa vichwa, kama vitabu vinavyofanya. Juzi ilikuwa siku ya "put": "put on" kuvaa, "put off" kuahirisha, "put out" kuzima moto, "put up" kubandika tangazo ukutani, "put away" kurudisha kitu mahali pake, "put down" kuweka chini. Wakaandika vizuri, wakasoma vizuri. Leo nimewapa sentensi sita za kujaza na hakuna aliyepata zaidi ya tatu. Mpishi ameahirisha moto. Fundi simu amezima mkutano. Vitenzi sita vinavyofanana sura vikiingia kichwani siku moja, kila kimoja kinamkanyaga mwenzake.

Kuna jambo jingine limejitokeza. Wengi waliandika "put off the light" kwa kuzima taa. Afrika Mashariki tunasema hivyo na tunaelewana vizuri. Lakini Mwingereza wa leo akisikia "put off" mawazo yake yanakwenda kwenye kuahirisha. Taa yeye husema "turn off" au "switch off". Nimeamua daftari liseme yote mawili waziwazi: hivi ndivyo tunavyosema sisi, na hivi ndivyo mgeni atakavyoelewa. Sitaki mtu amwone mwenzake mjinga kwa kusema wanavyosema watu wake.

Mpangilio mpya: kwa mahali. Jikoni, barabarani, simuni, dukani, spitali, kazini, na watu kwa watu. Mpishi atakutana na "put out" palepale anapokutana na moto.

16 Februari

Barabarani. Tulianza jua likitua, tukamaliza saa nne usiku, na wote tulikuwa tumekwama kwenye neno moja la Kiswahili: panda.

Sisi tunapanda. Tunapanda daladala, gari, boti, baiskeli, ndege, mwembe. Mwingereza anagawa. Basi, treni, ndege na meli ni "get on", na kushuka ni "get off". Gari dogo na teksi ni "get in", na kushuka ni "get out". Dereva wa bajaji akauliza: "Sasa mwalimu, mimi wangu nimwambie nini?" Niliwaambia kipimo ninachokitumia mwenyewe. Chombo ambacho ndani yake unaweza kusimama na kutembea, hicho "get on". Chombo unachoinama na kujikunyata ili uketi, hicho "get in". Na chombo unachokitandia miguu huku na huku, baiskeli, pikipiki, farasi, ngamia, kinarudi kwenye "get on". Kwa hiyo bajaji ni "get in", bodaboda ni "get on". Nahodha akasema mashua yake mtu hasimami akatembea, labda anataka kuzama. Basi "get in the boat", na meli ya kwenda Dar es Salaam "get on the ship". Ameandika na kupigia mstari.

Sentensi zilizoingia daftarini leo:

"Get in, please. I'll drop you off at Forodhani." Ingia tafadhali, nitakushusha Forodhani.

"I'll pick you up at nine." Nitakuja kukuchukua saa tatu. Nimeweka alama kubwa hapa, maana saa za Kiswahili zikichanganyika na kitenzi chenye mkia mtu anakosa boti.

"We set off early because of the tide." Tunaondoka mapema kwa sababu ya maji kupwa na kujaa. Hii ni ya nahodha mwenyewe. Nilichofanya ni kumpa mkia.

"Hold on tight." Shika vizuri.

"The car broke down near the airport." Gari liliharibika karibu na uwanja wa ndege. Hapa dereva akashtuka kwa furaha: kumbe lile gari la kuvuta magari mabovu, ambalo madereva wote huliita "breakdown", jina lake limetoka humu!

23 Februari

Simu. Somo jepesi, kwa sababu kila mtu ana simu mkononi na Kiswahili cha simu kimekwisha kukomaa. Pokea ni "pick up". Kata simu ni "hang up", na niliwaeleza kwamba simu za zamani za ukutani zilikuwa na kulabu, ukimaliza kuongea unatundika mkono wa simu. Kulabu imekwisha kuondoka, kitenzi kimebaki. Simu imekatika: "we got cut off". Sauti yako inakatikakatika: "you're breaking up". Nitakupigia baadaye: "I'll call you back". Kuongeza salio: "top up".

Na hii ambayo fundi simu aliileta mwenyewe: "I've run out of airtime." Nimeishiwa salio. Tazama kitenzi chetu kilivyojaa. Isha, ishia, ishiwa. Maneno matatu ya Kiingereza, "run out of", yote yameingia katika "ishiwa". Nilikuwa na mawazo kwamba Kiingereza kina ufundi huu peke yake. Sasa naona nao wanatafuta kwa mikia kile tunachokipata kwa kunyambua.

2 Machi

Leo naandika kwa kirefu, maana nimepata kitu ambacho sikukipata katika kitabu chochote nilichosomea.

Tatizo: "Turn off the light" ni sahihi. "Turn the light off" ni sahihi. "Turn it off" ni sahihi. "Turn off it" ni kosa, na hilo ndilo wanafunzi wangu wanaloliandika. Fundi simu alimwandikia mteja: "I will switch on it tomorrow." Nikamsahihisha. Mama wa duka la khanga akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hiyo 'it' kwa nini inakimbilia katikati? Ina nini?"

Nilikaa kimya. Vitabu vinasema ndiyo kanuni, basi. Kisha nikawauliza wao.

"Tukisema zima taa, taa iko wapi?"

"Baada ya zima."

"Na taa ikiwa imeshatajwa, hatuitaji tena, tunasemaje? Nimefanya nini?"

"Nimeizima."

"Ile 'i' ya taa iko wapi?"

Kukawa na ukimya, halafu mama akasema: "Tumboni. Imekaa tumboni mwa kitenzi."

Ni hivyo hasa. Jina zima linakaa nje: nimezima taa, "I turned off the light". Kiwakilishi kinaingia tumboni: nimeizima, "I turned it off". Kiingereza kina tumbo kati ya kichwa na mkia, sisi tuna tumbo kati ya kiambishi cha wakati na mzizi. Nikaandika ubaoni mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, na baraza nzima ikaanza kutunga: "I'll pick you up", nitakuchukua, ile "ku" iko tumboni. "Write it down", iandike. "Throw them away", zitupe. "Try it on", ijaribu mwilini. Hii mama aliihitaji kwa ajili ya wateja wanaoshika magauni ya khanga na kuogopa kuuliza. Hakuna aliyekosea tena usiku ule.

Ila kosa jipya lilizaliwa hapohapo, na ni kosa la mtu mwenye Kiswahili kizuri. Mtandika vitanda aliandika: "I turned it off the fan." Nimeizima feni. Kwetu ni fasaha kabisa, kiambishi na jina vinakaa pamoja bila ugomvi. Kwa Mwingereza tumbo likishajaa, jina linakaa nje ya mlango. Nimeweka onyo hili ukurasa huohuo.

Na kuna wanyama wasio na tumbo. "Look after the child", mtunze mtoto. Ukitumia kiwakilishi: "look after her". Huwezi kusema "look her after". Vivyo hivyo "look for it", itafute. Niliwapa kipimo cha sauti: mkia unaotamkwa kwa nguvu, "turn it OFF", una tumbo, mkia unaotamkwa kwa wepesi, "LOOK after her", hauna. Kilifanya kazi kwa dakika ishirini. Kisha nikafika "get over it", usahau yaliyopita, na hapo sauti inakaa juu ya "over" kwa nguvu zote lakini tumbo hakuna. Nimekifuta kipimo kama kanuni. Kimebaki kama msaada, na visivyo na tumbo nimeviandika vyote kwa wino wa kijani, mtu avijue kwa sura.

11 Machi

Spitali. Niliwapa "pass out", kuzimia, na "pass away", kufariki. Muuguzi msaidizi akainua mkono, hakuzungumza mara moja.

Akasema zamani, zamu ya usiku, mume mgeni alikuwa akisubiri nje. Mkewe alikuwa ameanguka na kuzimia kwa joto, sasa ameshazinduka, anakunywa maji. Yeye alitumwa akamtulize. Alijua kuna "pass" na kuna mkia. Akachagua mkia. Akasema: "Your wife passed away, but now she is drinking water." Mwanamume yule hakusikia nusu ya pili.

Tulikaa kimya kidogo. Kisha tukaandika ukurasa ule kwa pamoja, polepole. "She passed out, but she has come round." Alizimia, lakini amezinduka. "He's been throwing up all night." Ametapika usiku kucha. "Please lie down." Tafadhali lala. "Can you sit up?" Unaweza kuinuka ukakaa? "The swelling has gone down." Uvimbe umepungua. Na "pass away" nikaipa ukurasa wake peke yake, pamoja na "ametutoka" na "ameaga dunia", maana ni neno la heshima katika lugha zote mbili na halifai kukaa jirani na kuzimia.

Nimeamua pia: mikia miwili inayoweza kuumiza mtu ikibadilishana haitafundishwa siku moja. Kosa la leo lilikuwa langu kwa kuwapa zote mbili mfululizo.

4 Aprili

Masika yameanza. Katikati ya somo mbingu ikafunguka na mtu uani akapiga ukelele: "Anueni nguo!" Darasa zima likatawanyika kwenye kamba, mpaka nahodha na suruali za jirani begani.

Tuliporudi, tumelowa, nikauliza: kuanua ni nini kwa Kiingereza? Hakuna aliyejua, na mimi mwenyewe ilinibidi nifikiri. "Bring the washing in." Na kuanika ni "hang the washing out".

Usiku huu nimeandika jozi nyingi kuliko siku yoyote. Kiswahili kina ile -ua ya kutengua, tunaichezea toka utotoni: funga na fungua, vaa na vua, anika na anua, chomeka na chomoa, kunja na kunjua, pakia na pakua, bandika na bandua. Nilitumaini Kiingereza kitageuza mkia tu, "on" iwe "off", "in" iwe "out", na kazi iwe imekwisha. Wakati mwingine kinafanya hivyo: "turn on", "turn off". Wakati mwingine kinabadilisha kichwa na mkia vyote: kuvaa ni "put on", kuvua ni "take off". Na wakati mwingine kinauacha mkia kabisa na kushika kiambishi mbele: kuchomeka ni "plug in", lakini kuchomoa ni "unplug". Wengi wetu husema "plug out", na ukiifikiria, mantiki iko upande wetu. Lugha haikwenda hivyo. Kukunja ni "fold up", kukunjua ni "unfold". Kufunga vifungo vya shati ni "do up", kufungua ni "undo".

Jozi hizi nimeziweka katika jedwali moja la njia tatu: mkia unageuka, vyote vinabadilika, mkia unakatwa. Jozi 19 hadi sasa.

6 Aprili

Nimeongeza "watu kwa watu", na hapa -ana yetu imenisaidia kama -ua ilivyonisaidia juzi. Kuelewana: "get on". Kukosana: "fall out". Kupatana baada ya ugomvi: "make up". Kuachana: "break up". Mtandika vitanda amesema kwa sentensi nne hizi anaweza kumsimulia mgeni tamthilia nzima ya jana.

13 Aprili

Dereva wa bajaji aliuliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa: "Mwalimu, mimi 'postpone' naijua tangu kidato cha pili. Kwa nini nisumbuke na 'put off'?"

Ni kweli. Wanafunzi wangu wanalijua gumu, hawalijui jepesi. Wanajua "extinguish" na hawajui "put out", wanajua "tolerate" na hawajui "put up with". Skuli ilitupa Kiingereza cha vitabu, na Kiingereza cha vitabu kimejaa maneno ya Kilatini: mengi yalikuja na Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mengine wasomi waliyachukua wenyewe vitabuni. Watu wa jikoni na mashambani waliendelea na maneno yao mafupi, "put", "come", "go", na mengine waliyoletewa na watu wa Skandinavia, kama "take" na "get", wakayafungia "up" na "out" na "off". Hata leo Mwingereza akimwambia mtoto azime mshumaa hasemi "extinguish".

Nikawapa mfano wa nyumbani. Katibu wa kikao anaandika: mkutano umeahirishwa. Mama kwenye simu anasema: tumesogeza mbele. Ahirisha imetoka Kiarabu na imevaa kanzu. Sogeza mbele imevaa kikoi. Hakuna anayekosea. Ila ukimjibu rafiki yako wa maskani kwa "nimeahirisha kula", atakutazama mara mbili, na ndivyo mgeni anavyomtazama mtu anayemwambia "please extinguish the lamp".

Niliwasimulia pia kwamba Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, aliandika kwamba vitenzi hivi vya kuongezewa neno dogo nyuma ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko zote. Mama wa duka akauliza mwaka tena, akahesabu, akasema: "Basi si sisi." Jina freizo vebu lenyewe ni changa zaidi: Logan Pearsall Smith alilitumia mwaka 1925 na kusema amelipata kwa Henry Bradley, mhariri wa kamusi. Watu walikuwa wamevisema vitenzi hivi kwa karne nyingi bila kuviita chochote.

27 Aprili

Mkia "up". Nimeuacha makusudi mpaka sasa.

Wanafunzi wote wanaanza na "juu", na kwa "stand up" na "pick up" juu inatosha. Lakini juu gani iko katika "drink up", "use up", "tear up", "lock up"? Hapa "up" inasema kazi imefika mwisho wake. Kunywa ni "drink". Kunywa mpaka glasi ionekane kitako ni "drink up". "Tear" ni kuchana, "tear up" ni kuchana vipande vipande. Mpishi akatoa neno lenyewe: "Ni pomoni." Jaza pomoni, "fill it up". Tangu hapo kila "up" isiyo na juu tunaijaribu kwa pomoni, kabisa, yote, chote. "Eat up your rice": kula wali wako wote. "We've used up the charcoal": tumeumaliza mkaa.

Sijawaficha kwamba kuna mahali mkia haujali. "Slow up" na "slow down" zote ni kupunguza mwendo. Nyumba "burns down", karatasi "burns up", na zote mbili zimekuwa jivu. Haya nimeyaandika bila maelezo, maana maelezo ningeyabuni.

4 Mei

Mapumziko mafupi. Nimewapa kazi ya kutafuta vitenzi vyenye mkia vilivyokwisha kuingia Kiswahili bila sisi kuvitambua. Wameleta: pikapu, ile gari ya kubeba mizigo, kutoka "pick up". Mekapu ya maharusi, kutoka "make up". Nokauti ya ndondi. Pushapu za mazoezini. Bakapu ya simu. Na sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi inayopendwa sana kule Bara, kutoka "send off", kumsindikiza mtu anayeondoka. Fundi simu aligundua kitu ambacho ningependa kuwa nimekigundua mimi: vikishakuwa majina, Mwingereza anahamisha nguvu ya sauti mbele. "The car broke DOWN" lakini "a BREAKdown". Tumevitamka vyote kwa sauti, mara tatu tatu.

18 Mei

Wamarekani na Waingereza. Fomu: Mwingereza "fills in", Mmarekani "fills out", kazi ileile ya kujaza. Kubwa zaidi ni "wash up". Kwa Mwingereza ni kuosha vyombo. Kwa Mmarekani ni kunawa mikono na uso. Mpishi wetu aliwahi kuambiwa na mgeni Mmarekani kabla ya chakula, "I'd like to wash up", akakataa katakata kwa heshima zote, mgeni haoshi vyombo kwetu, na mgeni akakaa mezani bila kunawa. Sasa sentensi zote mbili zimo, kila moja na bendera yake.

Idadi: 94.

25 Mei

Sentensi 100 zimetimia jana usiku. Baada ya kusoma tena nimeondoa nne ambazo zilikuwa sahihi lakini hakuna barazani aliyewahi kuzihitaji. Zimebaki 96 na sitaongeza ili tu kufikisha mia.

Leo tumerekodi sauti. Kila mwanafunzi amesoma sentensi za mahali pake pa kazi: nahodha boti, muuguzi spitali, mama duka. Sauti yangu nimeiweka kwenye utangulizi tu. Muuguzi alirudia ukurasa wa kuzimia mara saba mpaka aliporidhika mwenyewe.

Saa mbili usiku ujumbe wa sauti umeingia kutoka kwa dereva wa bajaji, ambaye hakufika darasani kwa sababu ya wateja. Nyuma ya sauti yake injini inanguruma. "Mwalimu, shikamoo. Nimewaambia wageni hivi, niambie kama iko sawa: 'I'll drop you off here, and when you've finished, call me and I'll pick you up.'" Nimesikiliza mara mbili. "You" ziko tumboni zote mbili. Nimemjibu marahaba, iko sawa, na nimeiweka kuwa sentensi ya kwanza ya ukurasa wa barabarani, mahali pa ile niliyoitunga mimi.

Kesho asubuhi: kwa mchapaji, nakala 40, jalada gumu kwa sababu ya unyevu.